Mshahara wa Siku Zisizo na Kazi



Kila mtu wa kazi anayajua maneno haya: «Nendeni nyumbani kwanza, tutawaita.» Bei ya shaba imeanguka, ao mashini imevunjika, ao ugonjwa umefunga njia. Tajiri hawafukuzi watu wake, lakini hana kazi ya kuwapa. Basi mtu anarudi nyumbani mchana, watoto wanashangaa kumwona. Jina lake liko bado katika kitabu cha kompani, lakini mwisho wa mwezi hapati kitu. Hawezi kusema kwamba ana kazi, wala hawezi kusema kwamba hana. Anangoja.

Nani amlishe siku hizo za kungoja? Wengine hujibu: tajiri wake. Wengine hujibu: yeye mwenyewe na ndugu zake. Katika inchi nyingine Serikali imejibu: «Sisi tutalipa sehemu ya mshahara, mpaka kazi irudi.» Jambo hili ni jema. Lakini feza inayopita katika mikono mingi hupungua njiani, nasi tunasikia watu wakiuliza: Je, ni haki? Je, wadanganyifu hawaili? Na wakiila, je, si afazali kufunga mfuko?

Maulizo haya si mapya. Leo tunataka kuwaeleza habari zake, zaidi habari za Uingereza, kwa sababu inchi ile ilijaribu jambo hili mwaka 1795, na tena mwaka 2020. Tutaona mashauri mema, tutaona hila, na tutaona kosa moja kubwa ambalo hata sisi tunaweza kulifanya kesho.

1. Mkutano wa mwaka 1795

Mwaka 1795 Waingereza walikuwa wakipigana na Wafaransa. Mavuno yalikuwa mabaya, na bei ya ngano ilipanda sana. Vibarua wa mashamba walifanya kazi siku nzima, lakini mshahara wao haukutosha kununua mkate. Mahali pengine watu walianza kuzuia magari ya ngano njiani kwa nguvu.

Tarehe 6 Mei ya mwaka ule mahakimu wa jimbo la Berkshire walikutana Speenhamland, karibu na mji wa Newbury, katika nyumba ya wageni iliyoitwa Pelican. Waliitwa kusudi wapange mishahara ya vibarua. Lakini walipokwisha kushauriana waliona haifai kuwalazimisha wenye mashamba. Wakawasihi tu waongeze mshahara kwa hiari yao. Kisha wakatengeneza hesabu nyingine.

Hesabu yenyewe ni hii. Mkate mkubwa wa wakati ule, uliopita kilo 3 na nusu, ukiuzwa shilingi 1, basi kila mwanaume maskini mwenye bidii apate shilingi 3 kwa juma kwa ajili yake mwenyewe, na shilingi 1 na nusu kwa mke wake na kwa kila mtoto. Kila mara bei ya mkate ilipopanda peni 1, mwanaume aliongezewa peni 3, na kila mtu wa nyumba yake peni 1. Kama mshahara wake haukufika pale, paroki ilijaza pengo. Maana katika Uingereza ya siku zile paroki haikuwa mahali pa sala tu. Ilikuwa pia na kodi ya maskini, nayo ililipwa na wenye nyumba na mashamba wa mahali pale.

Shauri hili lilitoka katika moyo mwema. Mahakimu waliona njaa, wakataka kuizuia. Lakini tuihesabu vizuri hesabu yao. Tufanye mfano wa kibarua mwenye mke na watoto wawili. Anastahili shilingi 7 na nusu kwa juma. Mwenye shamba akimlipa shilingi 6, paroki inaongeza 1 na nusu. Mwenye shamba akimlipa shilingi 4 tu, paroki inaongeza 3 na nusu. Kwa kibarua ni sawa: mara zote mbili anapokea shilingi 7 na nusu. Nani aliyepata faida? Ni mwenye shamba. Amepunguza mshahara shilingi 2, na jirani zake wamemlipia.

Na jirani hao walikuwa nani? Katikati yao walikuwapo watu wadogo wenye shamba dogo ao duka dogo, wasioajiri mtu hata mmoja. Walilima kwa mikono yao, kisha wakalipa kodi ili kumsaidia tajiri wa shamba kubwa kulipa watu wake. Hapo huruma ilianza kugeuka kuwa zulumu.

2. Wenye kosa ni wengine, walioazibiwa ni wengine

Desturi hii haikuwa sheria ya inchi nzima, wala haikufanyika namna moja kila mahali. Lakini ilienea katika majimbo ya kusini, na miaka ilivyopita kodi ya maskini ilizidi kuwa nzito. Mwaka 1832 Serikali ilichagua watu wa kuchunguza jambo hilo. Wakubwa katika kazi ile walikuwa Nassau Senior na Edwin Chadwick. Mwaka 1834 walitoa kitabu chao.

Walisema nini? Walisema msaada umewafanya vibarua kuwa wavivu, kwamba wanaoa mapema na kuzaa watoto wengi ili wapate feza ya paroki. Ni kweli, walieleza pia kwamba wenye mashamba walifaidika. Lakini sheria iliyofuata mwaka ule wa 1834 haikumwangukia mwenye shamba. Ilimwangukia kibarua. Ilikusudia kwamba mtu mwenye nguvu asipewe tena msaada nyumbani kwake. Akitaka kula, aingie katika nyumba ya kazi. Humo mume alitengwa na mke, na watoto walitengwa na wazazi. Maisha ya ndani yalifanywa kuwa magumu kwa makusudi, ili watu waogope kuingia.

Babu zetu walisema: mtego wa panya huwanasa waliomo na wasiokuwamo. Mtego huu wa mwaka 1834 ulikuwa wa ajabu zaidi. Aliyenaswa ni yule asiyekuwamo. Mwenye shamba aliyepunguza mshahara alibaki katika shamba lake. Kibarua aliyepunguziwa ndiye aliyefungiwa mlango.

Tena, zaidi ya miaka 100 baadaye, mtaalamu mmoja wa uchumi, jina lake Mark Blaug, aliyapima upya maneno ya kitabu kile. Mwaka 1963 alionyesha kwamba ushuhuda waliokusanya haukutosha kuthibitisha walichosema. Mishahara ya kusini ilikuwa midogo kwa sababu watu walikuwa wengi kuliko kazi, na kazi ya shamba ilikuwa ya majira: wakati wa mavuno ipo, wakati wa baridi haipo. Msaada ulifuata umaskini. Haukuwa ndio uliouzaa. Lakini katika muda wote ule watu waliamini kitabu cha 1834, na kila alipotokea mtu wa kutetea msaada, aliambiwa: «Kumbuka Speenhamland!»

3. Pamba ilipokosekana

Mwaka 1861 vita vilianza Marekani kati ya majimbo ya kaskazini na ya kusini. Meli za kaskazini zilifunga bandari za kusini, na pamba haikutoka tena. Mbali sana, katika jimbo la Lancashire kule Uingereza, viwanda vya nguo vilisimama. Kufika mwezi Desemba 1862, watu karibu nusu milioni walikuwa wakipokea msaada.

Hapo hakuna aliyeweza kusema kwamba watu wale ni wavivu. Walikuwa mafundi wa kusokota na kufuma, waliozoea kula jasho lao. Hata hivyo mazoea ya 1834 yalibaki katika vichwa vya wakubwa. Mahali pengi waliwapima watu kwa mashaka, wakachungulia vyombo vya nyumbani mwao, wakawatuma kuvunja mawe. Katika mji wa Stalybridge, mwezi Machi 1863, kamati ya msaada ilitaka kulipa kwa vipande vya karatasi badala ya feza, kana kwamba fundi hawezi kuaminiwa na shilingi mkononi. Watu walikataa. Kukawa na fujo, madirisha na maduka yakavunjwa, askari wakaitwa.

Mwaka ule ule wa 1863 Serikali ilipata shauri bora kidogo: ilikopesha miji feza ya kutengeneza barabara, mifereji na bustani, ili watu wapate kazi yenye mshahara mpaka pamba irudi. Tukumbuke habari hii. Mtu aliyesimamishwa hapotezi feza tu. Anaweza kupoteza pia heshima yake, kama msaada unatolewa kwa namna ya kumshitaki.

4. Njia ya Wajeremani

Wajeremani walifuata njia nyingine. Tangu mwaka 1910, katika machimbo ya chumvi ya mbolea, walianza kuwalipa watu waliopunguziwa saa za kazi. Baada ya vita ya kwanza walieneza desturi hiyo, na sheria ya mwaka 1927 iliitia pamoja na sanduku la bima ya wasio na kazi. Jina lake ni Kurzarbeit, maana yake kazi fupi.

Mpango wao ni huu. Kazi ikipungua, tajiri hafukuzi mtu. Anapunguza saa za wote. Saa zinazofanywa analipa yeye. Kwa saa zinazokosekana, sanduku hutoa 60 kwa 100 ya mshahara uliopotea, na 67 kwa 100 kwa mtu mwenye mtoto. Na sanduku hilo linajazwa mwezi kwa mwezi na tajiri na mtu wa kazi, wote wawili. Kwa hiyo mtu anayepokea hapokei sadaka. Anachukua kitu alichokiweka siku za neema.

Liko jambo la pili linalostahili kuangaliwa. Tajiri hawezi kuanza kazi fupi kwa siri. Penye baraza la wafanyakazi, sharti baraza likubali. Pasipo na baraza, sharti watu wenyewe wakubali. Kwa hiyo wale wanaotajwa katika karatasi wanajua kwamba wametajwa. Mwaka 2009, wakati wa mashaka ya mabenki, watu karibu milioni 1 na nusu waliwekwa katika kazi fupi. Mwezi Aprili 2020 walifika karibu milioni 6. Wadanganyifu walipatikana hata huko, lakini njia ya kudanganya ilikuwa nyembamba zaidi.

5. Mwaka wa Korona

Sasa turudi Uingereza. Mwezi Machi 2020 ugonjwa wa Korona ulifunga maduka, hoteli na viwanda. Tarehe 20 ya mwezi ule waziri wa feza, Rishi Sunak, alitangaza kwamba Serikali italipa 80 kwa 100 ya mshahara wa kila mtu aliyepumzishwa, lakini isipite pauni 2,500 kwa mwezi. Sharti la kwanza lilikuwa moja: aliyepumzishwa asimfanyie tajiri wake kazi yo yote. Tarehe 20 Aprili matajiri walianza kupeleka maombi. Mpango huo uliendelea mpaka tarehe 30 Septemba 2021. Ulilipia kazi milioni 11.7 kwa jumla, nao uligharimu karibu pauni milioni elfu 70.

Uliwaokoa watu wengi. Wengi waliogopa kwamba mamilioni watafukuzwa. Lakini waliokosa kazi hawakufika 6 katika kila watu 100. Tusiliache neno hili tunapoanza kusema makosa.

Makosa yalikuwa ya namna mbili. Namna ya kwanza ni wizi. Aliyeomba feza ni tajiri, aliyeipokea ni tajiri, na mtu ambaye jina lake liliandikwa hakutia sahihi po pote mbele ya Serikali. Basi wengine waliwaambia watu wao: «Kwa karatasi umepumzika, lakini njoo kazini kama kawaida.» Serikali ikalipa mshahara, tajiri akapata kazi ya bure. Wengine waliandika majina ya watu waliokwisha kuacha kazi. Wengine walipokea sehemu kubwa, wakampa mtu sehemu ndogo. Mwezi Septemba 2020, pauni milioni elfu 35 zilipokuwa zimetoka, wakubwa wa kodi walikadiri kwamba kati ya 5 na 10 kwa 100 ilitolewa isivyofaa, kwa hila ao kwa kosa la hesabu.

Fikirini hali ya mtu aliyeitwa kazini kwa siri. Akikataa, anafukuzwa wakati hakuna kazi mahali pengine. Akikubali, anashiriki uongo. Akishitaki, tajiri atajua ni nani. Wengi walishitaki hata hivyo, nao walikuwa mashujaa wasio na jina. Sisi tunasema: mtu huyu hakuwa mwizi. Aliibiwa mara mbili, kwanza jasho lake, kisha jina lake.

Namna ya pili si wizi mbele ya sheria, lakini iliwaumiza watu. Mtu alisaidiwa kama jina lake lilikuwa katika kitabu cha tajiri siku fulani. Kwanza walisema tarehe 28 Februari. Baadaye wakasogeza mpaka tarehe 19 Machi. Aliyebadili kazi katika siku hizo, kila mara bila kosa lake, aliweza kubaki nje. Mtu wa mshahara mdogo kabisa alipewa 80 kwa 100 ya kile ambacho hata chote hakikumtosha. Na muuguzi ao mchuuzi aliyeendelea kufanya kazi katikati ya ugonjwa aliweza kumtazama jirani yake akilipwa nyumbani, akanungʼunika. Tusimlaumu. Lakini jirani yule hakuchagua kukaa, alikatazwa kutoka.

Kulikuwa pia na matajiri wakubwa waliochukua kwa sababu sheria haikuwazuia. Wapenzi wa mpira wanakumbuka habari ya Liverpool. Kilabu hiyo yenye faida kubwa ilitangaza mwanzo wa Aprili 2020 kwamba itatumia feza ya Serikali kwa watumishi wake wa ofisi na wa uwanja, huku wachezaji wakibaki na mishahara yao mikubwa. Wapenzi wake wenyewe walikasirika. Baada ya siku mbili tu wakubwa wa kilabu waliomba musamaha na kubadili shauri. Hakuna hakimu aliyewalazimisha. Haya tu.

Serikali nayo ilijifunza. Sheria ya Julai 2020 iliwapa matajiri siku 90 za kujitangaza na kurudisha walichopokea isivyo haki. Tangu Agosti 2020 matajiri walianza kuchangia sehemu yao. Na tangu Januari 2021 majina ya waliopokea yalianza kutangazwa mbele ya watu wote. Kama yangalitangazwa tangu siku ya kwanza, tunazani wengi wangalisita.

6. Na kwetu?

Wasomaji wetu watasema: «Hizo ni habari za inchi tajiri.» Ni kweli. Lakini na sisi tuna historia yetu. Miaka ya 1930 mpaka 1932 bei ya shaba ilipoanguka duniani, machimbo ya Katanga yaliwarudisha maelfu ya watu vijijini. Hakuna sanduku lililowalipa. Wake zao, mama zao na mashamba ya mihogo ndio waliowalisha. Kompani iliokoa feza yake, na kijiji kikalipa. Huo nao ni msaada wa mshahara, ila haukuandikwa katika kitabu cho chote, wala hakuna aliyeshukuru.

Hata leo sanduku letu la inchi, CNSS, lina pensheni, lina malipo ya ajali na magonjwa ya kazi, lina posho la jamaa; kwa mtu aliyesimamishwa kazi halina kitu. Mwaka 2020 jirani zetu wengi waliambiwa waende nyumbani kwanza. Tunamjua baba mmoja aliyeitwa kila juma na tajiri wake kulinda mashini na kufagia, bila mshahara, kwa ahadi kwamba akija atakuwa wa kwanza kuitwa. Hakuitwa. Alipouliza, aliambiwa kwamba alikuja kwa hiari yake. Mahali pasipo na msaada wa Serikali, hila ni ile ile: kumtumia mtu kwa sababu anaogopa.

Siku moja labda na sisi tutaunda sanduku la siku za kungoja, la inchi nzima ao la chama cha watu wa kazi. Wenye kulishika wakumbuke mambo manne.

Kwanza, lijazwe siku za kazi, na tajiri na mtu wa kazi pamoja, ili asiwepo wa kusema anakula sadaka.

Pili, kila jina linaloandikwa, mwenye jina aonyeshwe karatasi, nayo isomwe kwa luga anayoijua.

Tatu, tajiri achangie sehemu yake hata siku za shida. Speenhamland inatufundisha: anayelipiwa yote na jirani zake hana sababu ya kulipa vizuri.

Nne, mwizi akipatikana, aazibiwe mwizi. Asiazibiwe mwenye njaa.

Hilo la mwisho ndilo kosa tulilolitaja mwanzoni. Ni rahisi sana kulifanya. Tunasikia kwamba mmoja amedanganya, na mara tunasema: «Wafungieni wote.» Waingereza walisema hivyo mwaka 1834, na watu wasio na hatia walitengwa na watoto wao kwa miaka mingi. Ghala likiingiliwa na panya, mwenye akili huziba tundu. Hachomi ghala.

Baba yule tuliyemtaja sasa anauza makaa barabarani. Anapopita karibu na kiwanda, bado anatazama mlango. Sisi tunaopita naye tusimwambie kwamba watu hupenda kukaa bure. Yeye anajua vizuri kuliko sisi bei ya siku moja bila kazi.